Vumbi Juu ya Kalla

Marehemu mume wangu, Gershom, alikuwa mpaka rangi wa kivuko cha Garsen. Kivuko chenyewe kilikuwa jukwaa pana la mbao juu ya matangi ya chuma, lililovutwa kwa kamba kutoka ukingo huu hadi ule, na kila kiangazi, mto ulipopungua, kilipandishwa nchi kavu kikakwanguliwa kutu na kupakwa upya. Hiyo ndiyo kazi aliyoandikiwa. Picha alizichora kwa sababu alishindwa kuacha.

Kuchora alifundishwa misheni na bibi mmoja wa Kizungu aliyependa maua ya kandokando ya mto. Bibi huyo aliporudi kwao alimwachia kisanduku cha rangi za mafuta, nyingine zimeshafinywa nusu. Gershom alizitumia kwa ubahili ambao hakuwa nao katika jambo lingine lolote. Chakula angempa mpita njia, shati angemwazima shemeji lisirudi, lakini rangi ya manjano aliificha hata mimi nisijue ilipo. Kucha zake zilikuwa na rangi siku zote. Kanisani kijijini kwetu Wema, tuliporudi shambani kwa wiki moja wakati wa mavuno, mama yangu alikuwa akimtazama mikono na kusema kwa sauti ya chini kwamba binti yake ameolewa na kinyonga.

Picha ninayotaka kuieleza aliichora mwaka wa hamsini na sita, katika kiangazi. Aliichora juu ya kipande cha turubai la lori lililochanika, akalinyoosha, akalipaka nyeupe kwanza. Kila jioni alikwenda kukaa kwenye malka iliyo chini kidogo ya kivuko. Malka ni njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni. Huku na huku ni mashamba yetu Wapokomo, mahindi na ndizi, na katikati imeachwa njia ili ng'ombe wa Waorma, jirani zetu wafugaji, wafike majini bila kukanyaga mazao. Saa hiyo jua linakuwa limeinama upande wa pili wa mto na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, halafu rangi ya shaba.

Aliwachora ng'ombe wakipanda kutoka majini. Mbele yao alimchora kijana aliyekuwa akiwachunga, Kalla, mtoto wa kwanza wa mzee Halkano. Kalla alisimama kwa mguu mmoja, fimbo ameilaza mabegani na mikono imening'inia juu yake, kama walivyozoea kusimama. Gershom alitaka kumchora kwa upande, uso ukitazama jua. Kalla akakataa. Akasema kama ni kuchorwa, achorwe na macho mawili, baba yake asije akauliza jingine limeng'olewa na nani. Kwa hiyo akachorwa akitutazama, anacheka kidogo, kwa sababu hakuweza kuyasema maneno hayo bila kucheka.

Nilimjua Kalla kwa ajili ya mama yake. Barwako alikuwa akiniuzia maziwa. Alikuja asubuhi na vibuyu vyake akakaa kizingitini kwetu, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kichache na Kiorma changu kichache zaidi, tulizungumza polepole, tukielekezana kwa mikono. Wakati mwingine Kalla alikuja kumsaidia kubeba. Akimaliza alipita nyuma ya nyumba kuangalia picha imefika wapi.

Mtu wa kwanza kuimiliki alikuwa Swaleh, mwenye duka. Swaleh alikuwa mtu wa Kipini, mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Alimpa Gershom sukari na kitambaa cha suruali, akaitundika picha juu ya rafu ya majani ya chai, akawa anajisifu kwamba duka lake sasa lina majua mawili.

Duka likajaa. Wapokomo walikuja wakatazama, wakasema ndizi zile ni za shamba la fulani, wakaondoka. Waorma hawakuondoka. Walikaa wakawajadili ng'ombe. Huyu mwenye pembe za kuinama ni wa nani, na yule wa rangi ya majivu mbona amewekwa nyuma wakati kila mtu anajua ndiye hutangulia. Siku moja mzee Guracha alitoka dukani akaja moja kwa moja hadi kivukoni, amekasirika. Alisema Gershom amemchora fahali wake bila mkato wa sikio.

"Mtu akimwona vile," alisema, "atasema ni ng'ombe aliyepotea. Atamchukua."

Gershom alimwambia yule ni ng'ombe wa rangi tu, hakuna awezaye kumchukua.

"Wewe hujui wezi wa huku," Guracha akajibu.

Basi Gershom akaenda na brashi, akapanda juu ya gunia la mchele la Swaleh, akamkata fahali sikio. Wiki hiyo nzima walimjia wengine, kila mmoja na alama yake, na Swaleh akawauzia chai wakisubiri.

Nikikumbuka siku zile nakumbuka zaidi kelele hizo za dukani. Gershom alirudi nyumbani akanisimulia kila neno, akiiga sauti zao, mpaka uji unaungua.

Mwaka uliofuata masika yalikuja kwa nguvu. Mto ulipanda ukafunika mashamba, kivuko kikafungwa kwa minyororo, na upande mmoja wa malka ulimomonyoka. Waorma waliokuwa ng'ambo ya chini walilazimika kuvusha ng'ombe kwenda kwenye ardhi ya juu. Wanavusha kwa kuogelea, mchungaji ameshika mkia wa ng'ombe anayeongoza. Kalla alikuwa ameshavusha kundi la kwanza akarudi kuchukua la pili. Gogo kubwa lilikuja na maji. Ng'ombe alifika ukingoni, Kalla hakufika.

Walimtafuta kushuka hadi Kilelengwani, na wengine hadi mto unapoingia baharini. Gershom alikwenda nao na mtumbwi. Alirudi miguu imevimba, akalala bila kula. Kalla hakupatikana. Aliswaliwa bila mwili, na kaburi halikuchimbwa.

Kwa muda mrefu Barwako hakuleta maziwa. Alipoanza tena alikuwa amekonda, na alikuwa hakai kizingitini. Alinimiminia, akachukua vibuyu akaenda dukani kwa Swaleh. Hakununua kitu. Alisimama mbele ya rafu ya chai, akatazama juu. Wenye maneno ya pembe na masikio walipomwona anaingia walinyamaza, halafu mmoja baada ya mwingine wakatoka.

Swaleh alivumilia kadiri alivyoweza. Asubuhi moja nilikuwa pale kununua chumvi. Alipanda juu ya kiti, akaitoa picha misumari, akaikunja.

"Mama Kalla," alisema, "wewe ukiingia hapa watu wangu wote wanakuwa kama wako msikitini. Sukari hainunuliwi. Ichukue hii, uniponye."

Alisema kwa utani wake wa kawaida, lakini alikuwa hamtazami usoni. Barwako aliipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo Swaleh alipata maziwa kila asubuhi, na alipojaribu kulipa, Barwako alijifanya hajui Kiswahili.

Kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayesuka mikeka, anayeinamisha fito na kuzifunga, na watu wakihama yeye ndiye anayeibomoa na kuipakia juu ya dume la ng'ombe. Barwako aliifunga picha ndani ya nyumba yake, upande wa kichwani mwa kitanda, na hakuomba ruhusa ya mtu. Lakini humo ndimo Halkano alimoswali. Na Halkano alikuwa mtu wa dini, mnyoofu, ambaye hata msiba haukumfanya apunguze kitu. Alisema sura ya mtu haiwezi kukaa ukutani anaposwali. Hakumpigia mkewe kelele. Alimwendea Maalim Mahadi, Mworma mwenzao aliyesoma Lamu, akamwuliza.

Maalim Mahadi alikuwa kijana na mpole, na alimjua Kalla tangu utotoni. Alijibu kama alivyosoma. Jua, mto na miti havina neno. Kiumbe chenye roho hakifai. Lakini sura ikiondolewa kichwa inakuwa kama mti, na hapo mtu anaweza kuiacha.

Nadhani aliona amewapatia njia. Halkano naye aliona hivyo. Aliondoka na jibu lake akiwa amefarijika, akamwambia mkewe kwamba si lazima picha itupwe, ni kukata kipande kidogo tu hapo juu.

Asubuhi iliyofuata Barwako alikuja kwetu bila vibuyu. Alikuwa na picha kwapani, imefungwa ndani ya mkeka. Gershom alikuwa anakunywa uji.

"Wanataka kichwa," alisema. "Mto umechukua yeye yote. Sasa mimi nimkate kichwa?"

Gershom aliweka bakuli chini. Akamwuliza angetaka nini. Barwako akasema anataka mtoto wake akae na nyumba yake ikae, na mzee wake aswali humo, na kwamba yeye hajui kuchora, anayejua ni Gershom.

Gershom alipendekeza amgeuze Kalla, aonekane mgongo. Barwako alitikisa kichwa.

"Mgongo niliuona," alisema, "akienda mtoni."

Baada ya hapo Gershom hakupendekeza kitu tena kwa siku kadhaa. Picha ilikaa kwetu, nyuma ya mlango. Alikwenda kazini, alirudi, aliitazama, alitoka. Mimi nilimwona Halkano mara moja amesimama barabarani akiangalia nyumba yetu, kisha akaendelea na safari yake. Nilijua anasubiri, na nilijua kwamba asipopata jibu ataikata yeye mwenyewe, kwa huzuni lakini bila kusita, kwa sababu aliamini ndivyo inavyompasa mtu anayemtumaini Mungu kumkutanisha na mwanawe.

Jioni moja Gershom alichelewa kurudi. Alikuwa amekaa malka. Mvua ilikuwa imekatika siku nyingi na njia imekauka. Aliniambia ng'ombe walipopanda kutoka majini vumbi liliinuka, jua likaingia ndani ya vumbi, na kila kitu kikawa rangi moja. Mchungaji alikuwa humo ndani. Gershom alimsikia akipiga mluzi, karibu kabisa, ila hakumwona hata kidogo.

"Simfuti," aliniambia. "Namfunika."

Alipomweleza Barwako, kwanza hakuelewa. Alidhani ni shuka. Alipoelewa aliondoka bila kuaga, na alirudi amebeba kibuyu kimejaa vumbi la malka, alilolizoa pale hasa Kalla alipokuwa akisimama. Gershom alikuwa na mpango wa kutumia rangi nyekundu ya kivuko. Alikitazama kibuyu, akamtazama mama, akaniomba leso kuukuu.

Nililichekecha lile vumbi mimi, mara ya pili na ya tatu, mpaka likawa laini kama unga wa poda. Gershom alilichanganya na mafuta ya rangi na nyekundu kidogo na ile manjano yake aliyokuwa akiificha. Alitumia yote, hakubakiza. Alianza na ng'ombe wa nyuma, kwa sababu hao nao ni viumbe, akaja mbele taratibu. Barwako alikaa karibu na goti lake. Alipofika kwa Kalla, Gershom alisita, na Barwako akamwambia aanzie miguuni. Akapanda hivyo, miguu, shuka, mikono iliyoning'inia, fimbo. Uso aliupaka mwisho kabisa, kwa brashi nyembamba na rangi nyepesi. Barwako alikuwa anasema kitu kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Maalim Mahadi alikuja kuitazama kabla haijapelekwa. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Palikuwa na mto, na jua, na wingu la vumbi lenye mwanga ndani yake.

"Kijana yuko wapi?" aliuliza.

"Maalim, unamwona?" Gershom akamwuliza.

"Simwoni."

Maalim aliendelea kutazama. Mwishowe alisema anachokiona yeye ni jioni, na kwamba atamweleza Halkano hivyo hivyo. Alipokuwa akivaa viatu niliona anajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Aliyelalamika alikuwa Guracha peke yake. Alisema fahali wake amepotea kweli sasa, pamoja na sikio.

Kwa hiyo Barwako akawa mmiliki wa pili, na picha ikakaa kichwani mwa kitanda chake. Watu walioiona humo walisema ilikuwa nzuri kuliko ilipokuwa dukani, hata wasiojua kwa nini. Mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia kambi ya barabara aliiona siku Barwako alipotoa mikeka nje kuipunga upepo. Alishuka garini akaikaribia, akavua kofia. Swaleh aliitwa kutafsiri, na ndiye aliyetusimulia. Mzungu alisema hajapata kuona jioni iliyochorwa namna ile, akauliza mchoraji alifanyaje, akasema anaitaka, ataitundika nyumbani kwao juu ya mahali pa kuotea moto. Barwako aliuliza kama katika nyumba hiyo kuna mtu atakayejua pa kutazama. Swaleh alisema alifikiri kidogo namna ya kulitafsiri hilo, akaona afadhali amwambie Mzungu kwamba mama hauzi.

Barwako alijua pa kutazama. Nilipomtembelea alinishika kidole akakiweka juu ya turubai, hapa bega, hapa jicho, na mimi nilihisi chini ya vumbi rangi ya zamani ilivyovimba kidogo, kama kovu. Halkano aliswali mbele yake. Hakuwahi kuniambia lolote kuhusu picha, wala kumwambia Gershom, ila alipokutana naye kivukoni alimsalimu kwa mikono miwili.

Kisha mvua zikanyesha, malisho ya mbali yakaota, na wao wakahama na ng'ombe kwenda juu, kuelekea Bangale. Nyumba ilibomolewa, fito na mikeka vikapakiwa, na picha ikakunjwa pamoja na mikeka. Walirudi kiangazi kiliporejea, wakahama tena. Hatukuonana kwa muda mrefu. Maziwa nilinunua kwa mwingine, na hayakuwa yale.

Mwaka wa hamsini na tisa, kivuko kikiwa nchi kavu kwa matengenezo, nilikuwa nimempelekea Gershom chakula cha mchana. Halkano alikuja peke yake. Alikuwa amezeeka. Kwapani alikuwa na ile picha, imefungwa kamba kila upande. Tulisalimiana kwa kirefu, habari za mvua, za ng'ombe, za Mama Kalla. Kisha aliikunjua juu ya mbao za kivuko.

Vumbi lilikuwa limeanza kubanduka. Mafuta yalikuwa machache na udongo mwingi, na kila walipohama turubai lilikunjwa na kukunjuliwa, basi rangi ya juu ilipasuka ikadondoka vipande vidogo vidogo. Ng'ombe walikuwa bado wamefunikwa. Lakini bega la Kalla lilikuwa nje, na mkono mmoja, na nusu ya uso. Jicho moja lilikuwa linatutazama, na pembe ya mdomo imeinuka.

"Mikeka yote anaifunga legelege," Halkano alisema. "Hii anaifunga kama mzigo wa chumvi. Namwambia, mama, utaivunja. Hasikii."

Gershom alicheka, akajizuia. Halkano hakukasirika. Alisema amekuja ili vumbi lirudishwe, kwa sababu nyumba imeshasimamishwa na Ramadhani imekaribia.

Gershom alisema ni kazi ndogo. Nilichukua kopo nikaenda malka kuzoa vumbi, nikalichekecha kwa ncha ya kanga yangu. Niliporudi, Halkano alikuwa amechutama mbele ya picha, fimbo ameishika kwa mikono yote miwili. Alikuwa akimwuliza Gershom kwa nini kijana anacheka.

Gershom alimweleza. Alimwambia jinsi alivyotaka kumchora kwa upande, na jinsi Kalla alivyokataa, asije baba yake akauliza jicho jingine limeng'olewa na nani.

Halkano alisikiliza. Kisha mabega yake yalianza kutikisika, na mimi nilifikiri analia, lakini alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Ningeuliza," alisema. "Wallahi ningeuliza."

Gershom alichanganya vumbi na mafuta, akakoroga, akapata rangi ileile. Aliloweka brashi. Akapiga goti kando ya turubai.

"Nianzie wapi, mzee?"

Halkano alikuwa akilitazama lile jicho moja. Wavuta kamba walikuwa wamelala chini ya kivuko, kivulini, na jua lilikuwa utosini kwetu kabisa, adhuhuri haijaadhiniwa.

"Jua linashuka," Halkano alisema. "Sasa rangi utakosea."

Gershom aliinua macho juu, akayateremsha. "Kweli," alisema. "Giza linaingia."

"Tutafanya safari nyingine."

"Safari nyingine, mzee."

Halkano aliikunja mwenyewe. Aliifunga taratibu, upande wa rangi ndani, kamba moja tu. Aliniaga, akaagana na mume wangu, akaondoka nayo kwapani kwa njia ya malka, na Gershom akabaki amepiga goti pale na brashi mkononi, inadondosha vumbi juu ya mbao.

Alikuja tena baada ya mvua, na kiangazi kilichofuata pia. Kila mara Gershom alichanganya rangi, wakazungumza habari za Kalla, na kila mara jua lilikuwa limeshashuka. Kopo nililiosha mimi.